Lori Linalozimika Likisimama

Leo twapenda kusema habari za lori kuukuu la petroli, lenye kabureta, ambalo huenda vema barabarani, lakini dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, injini hutetemeka na kuzimika. Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya kabureta ili injini izunguke kwa kasi. Huko ni kuficha ugonjwa, wala si kuuponya. Tena malori mengi ya namna hii breki zake husaidiwa na mvuto wa hewa wa injini. Injini ikizimika mteremkoni, breki huwa nzito, na roho za watu zimo hatarini.

Kwanza tuweke lori mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake ni sumu, tukaze breki ya mkono, tuiache injini ipate moto. Kisha tuizime, tutazame plagi. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli imezidi. Weupe waonyesha hewa imezidi. Ikiwa ni hewa, tuwashe tena, tudondoshe mafuta mazito kidogo penye kiungo cha kabureta na bomba la kuingizia hewa, yasifike kwenye bomba la moshi. Sauti ikibadilika, gasketi ya hapo yavuja. Petroli tusiitumie kamwe kwa kazi hii, italipuka moto. Sauti isipobadilika, tusafishe tundu dogo la petroli ndani ya kabureta, ambalo hata punje ya uchafu yaweza kuliziba.

Hayo yakiisha, ndipo tuiguse skrubu.