Vumbi au mvuke? Jinsi ya kuchagua barakoa ya karakana kabla ya kulipia mzigo

Barakoa za kazi ni miongoni mwa bidhaa ndogo zinazovuka mipaka ya Afrika Mashariki pamoja na vipuri, rangi za magari na vifaa vya ujenzi. Wanunuzi wake wanajulikana: mafundi wa kuchomelea vyuma wa Gerezani, Kamukunji na Katwe, wapuliza rangi wa gereji za malori, maseremala, na vibarua wanaopakua saruji. Sokoni nyingi huuzwa kwa jina moja tu, "maski ya vumbi", ingawa kazi zake ni tofauti kabisa.

Barakoa iliyotengenezwa kuzuia vumbi haizuii mvuke wa rangi. Vilevile, kopo la kuzuia mvuke peke yake halizuii vumbi. Mfanyabiashara akichanganya mambo haya mawili hupoteza wateja, na fundi aliyemwamini hupoteza afya yake.

Kwanza, ijulikane kilicho hewani

Vumbi ni chembe ngumu. Linatoka kwenye msasa wa puti, mbao zinazopasuliwa, saruji, na chuma kinachosagwa kwa grainda. Moshi wa kuchomelea nao ni chembe, ila ni ndogo zaidi, kwa kuwa ni madini yaliyochemka na kuganda tena hewani. Kwa vyote hivi inahitajika barakoa ya kuchuja chembe yenye daraja la kutosha.

Mvuke na gesi ni jambo jingine. Thina, petroli na gundi hutoa mvuke unaopita kwenye kitambaa cha barakoa ya vumbi kama kwamba hakipo. Hapo inahitajika barakoa ya mpira yenye makopo ya mkaa maalumu. Anayepuliza rangi anahitaji kinga zote mbili kwa pamoja, kwa sababu hewa yake ina matone ya rangi na mvuke pia. Kopo la mvuke hufungwa pamoja na kichujio cha chembe.

Kwa hiyo muuzaji anapoulizwa barakoa ya moshi, swali la kwanza liwe hili: mteja anachomelea au anapuliza rangi?

Madhara ya kukosea hayaonekani haraka. Fundi anayechomelea bomba au bati lililopakwa zinki anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baada ya kazi. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, na ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Kwa upande wa muda mrefu, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2017. Vumbi la mbao limo katika kundi hilo hilo. Breki za magari ya zamani nazo zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake halipaswi kupulizwa kwa kompresa, na anayelishughulikia anahitaji daraja la juu la kinga.

Jinsi ya kusoma muhuri

Barakoa za chembe zinazofika katika masoko ya ukanda huu huwa na alama za mifumo mitatu.

Mfumo wa Ulaya, EN 149, una FFP1 inayochuja angalau asilimia 80 ya chembe za majaribio, FFP2 asilimia 94 na FFP3 asilimia 99. Alama ya CE hufuatwa na tarakimu nne za taasisi iliyothibitisha bidhaa. CE bila tarakimu hizo ni sababu ya kusimamisha malipo. Herufi NR maana yake ni kutumika kwa zamu moja tu.

Mfumo wa Marekani unasimamiwa na taasisi ya NIOSH. N95 huchuja angalau asilimia 95. Herufi N ni kwa hewa isiyo na matone ya mafuta, R hustahimili mafuta kwa muda, na P hustahimili zaidi. Barakoa halisi huwa na neno NIOSH na namba inayoanza na TC-84A. Pia huwa na mikanda ya kuzunguka kichwa. NIOSH haijaidhinisha yenye vitanzi vya masikioni. Inayodai kuwa N95 huku ikining'inia masikioni ni ya kutiliwa shaka.

Mfumo wa China ni GB 2626, ambao toleo lake la 2019 lilianza kutumika Julai 2021. KN95 ni kwa chembe zisizo na mafuta, KP95 ni kwa zenye mafuta.

Barakoa ya hospitali ya rangi ya buluu haimo katika orodha hii. Haibani uso, na vumbi huingia pembeni.

Rangi ya kopo inaweza kudanganya

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kwa anayechanganya mzigo wa Ulaya na wa Marekani. Ulaya, kopo la mvuke wa thina na rangi lina mstari wa kahawia na herufi A. Marekani, kopo la kazi hiyo ni jeusi. Mstari mweupe Ulaya ni alama ya kichujio cha chembe, lakini Marekani rangi nyeupe ni ya gesi za asidi. Njano Ulaya ni gesi za asidi. Marekani ni gesi za asidi pamoja na mvuke wa aina ya thina. Kijani ndiyo pekee isiyoleta ugomvi: pande zote mbili ni amonia.

Kwa sababu hiyo, makopo yaagizwe kwa maandishi na namba ya modeli, si kwa kutaja rangi tu. Kopo la kampuni moja lisilazimishwe kwenye barakoa ya kampuni nyingine.

Pale ambapo kichujio hakitoshi

Wasafirishaji wanapaswa kulijua hili kuliko wote. Kichujio husafisha hewa iliyopo, hakiongezi oksijeni. Utingo anayeingia ndani ya tangi la lori kulisafisha hawezi kulindwa na barakoa ya aina yoyote iliyotajwa hapo juu. Anaweza kuanguka ndani ya muda mfupi, na anayemfuata kumwokoa akaanguka pia. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa, wenye kipimo cha hewa na kifaa kinacholeta hewa safi kutoka nje. Makopo ya kawaida hayazuii pia kaboni monoksidi ya injini inayonguruma ndani ya gereji iliyofungwa.

Rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kukaushia nyingi zina isosianati, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu. Mtu hainusi mpaka kiwango kimeshakuwa cha hatari, hivyo hawezi kujua kopo limechoka. Kinga inayoshauriwa ni barakoa yenye mpira wa kuleta hewa safi kutoka nje.

Kukaa usoni na kutunza

Barakoa bora isiyobana ni bure. Ndevu, hata za siku chache, hufungua njia ya hewa. Mvaaji afunike kichujio kwa viganja na kuvuta pumzi. Barakoa ikiingia kidogo kuelekea usoni, imekaa vizuri. Kopo likishafunguliwa huendelea kunyonya mvuke hata likiwa limetundikwa ukutani, hivyo lihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa. Harufu ikianza kupita, libadilishwe.

Mpakani

Barakoa za kitambaa zisizo na kichujio cha kubadilisha kwa kawaida huingia katika kifungu cha forodha 6307.90. Zenye makopo ya kubadilisha ni 9020.00. Ankara inayoziandika zote "maski" inamwachia ofisa nafasi ya kukadiria, na mzigo unakaa. Ni vema kila aina iwe na mstari wake, pamoja na kiwango, modeli na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Soko lipo kisheria pia. Sheria za usalama na afya kazini za Tanzania ya 2003, Uganda ya 2006 na Kenya ya 2007 zinamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga vinavyofaa. Mwenye gereji anayelijua hilo atauliza muhuri kabla ya bei, na muuzaji anayeweza kumweleza maana ya muhuri huo ndiye atakayerudiwa.