Bagamoyo kwa miguu: Nyumba ya mpagazi iko wapi?

Wasafiri wengi hutoa gharama kubwa ili wapate kutembea kwa miguu katika miji mikongwe ya kusini mwa Ulaya, kama vile Toledo na Dubrovnik. Sisi wa Shinyanga tunao mji mkongwe ambao babu zetu waliuendea kwa miguu, wakiwa na mizigo mabegani. Mji huo ni Bagamoyo.

Nilikwenda huko pamoja na mjomba wangu, mkulima wa pamba, ambaye tangu utotoni alisikia kwamba babu yake "alikwenda pwani". Basi lilitufikisha kwa siku moja tu. Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulichukua miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora mpaka Usukuma bado kulikuwa na mwendo wa siku nyingi.

Tulianza matembezi yetu Karavanserai, mahali panapoonyeshwa kuwa ndipo misafara ilipotua. Hapo mjomba alisimama kimya. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kwenda pwani wapagazi walibeba pembe za ndovu. Kurudi bara walibeba merikani, kaniki na shanga. Wengi wao, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu huru waliokubaliana ujira wao. Lakini katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watumwa, na jambo hilo halifai kusahauliwa.

Kutoka hapo tulishika Mtaa wa India. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, na milango yake imechongwa kwa ustadi mkubwa. Baadhi zimetengenezwa, nyingine zimebaki kuta tu. Mbele kidogo lipo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu ya utawala wao kuhamishiwa Dar es Salaam.

"Mpwa wangu," mjomba akaniuliza, "hii ni nyumba ya tajiri, na ile ni ya mtawala. Ya yule aliyebeba iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukaendelea hadi kwenye misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ambako watumwa waliokombolewa walipewa makazi. Katika kanisa lake dogo la kale mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili huo kwa miezi tisa hadi pwani. Mnara wa kanisa hilo hujulikana kwa jina la Livingstone.

"Umepewa jina la aliyebebwa," alisema mjomba.

Jua lilipokuwa likishuka tulifika ufukweni. Wazee husema kwamba jina la mji huu limetokana na maneno "bwaga moyo". Wengine huyaeleza kuwa ni faraja ya mpagazi anayetua mzigo wake. Wengine huyaeleza kuwa ni kilio cha mtumwa anayeliacha bara lake. Kwa maana yoyote ile, jina hilo halikutoka kwa tajiri wala kwa mtawala. Nilimweleza mjomba hivyo, naye akakubali kwa kichwa, ingawa aliona kwamba jina peke yake halitoshi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Kazi ya upagazi ikafa, nao waliosimuliwa habari zake na wapagazi wenyewe wanazidi kupungua. Pale ufukweni mjomba alinitajia jina la babu yake, nami nikaliandika katika daftari langu. Hadi siku ile lilikuwa halijaandikwa mahali popote.

Ndugu msomaji, ukijaliwa uwezo, wapeleke watoto wako Bagamoyo. Lakini kabla ya safari, kaa na wazee wako, uwaulize ni nani katika ukoo wenu aliyekwenda pwani. Kisha chukua kalamu.