Bamvua, Mvua na Boti za Mtongwe

Desemba 2022, theluji ilipoufunika mji wa Buffalo nchini Marekani, askari wa akiba walitumwa kuwafikia walionaswa majumbani na barabarani. Mtaa wa Mishomoroni, Mombasa, haujui theluji. Balaa lake ni maji.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 100 ikishukia kilomita moja ya mraba huleta tani 100,000 za maji. Mtaa uliobanana paa kwa paa hauwezi kuyanywa yote, kwa hiyo yanatafuta mtaro wa kuteremkia hori ya Tudor. Siku za bamvua, bahari ya Mombasa hupanda kwa zaidi ya mita tatu, na hori hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Mtaro hapo hauna pa kumwaga. Mvua hiyohiyo ikinyesha maji yamekupwa, huenda mtaa ukasalimika. Mwishoni mwa 2023, El Niño ilipokutana na joto la ziada upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mafuriko ya vuli yaliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya.

Kifungu cha 241 cha Katiba kinalitaka jeshi lisaidie wakati wa maafa, kisha liripoti kwa Bunge la Kitaifa. Wanamaji wako Mtongwe, Likoni, na si mbali. Lori lao, hata hivyo, likipitia kivuko cha Likoni litangoja feri, livuke kisiwa, kisha Daraja la Nyali. Boti hutoka mlango wa Likoni, ikapita mbele ya Fort Jesus na chini ya daraja hilo hadi Tudor, bila foleni.

Ila si boti yoyote. Vichochoroni hufaa ya mpira, yenye tumbo bapa, inayoelea kwenye maji ya magoti. Injini yake hupozwa na maji yaleyale inamopita. Mfuko mmoja wa plastiki ukiziba tundu la kuvutia maji, injini huchemka na kuzima. Chumvi isiposuuzwa kwa maji baridi hula vyuma polepole, boti ikiwa imetulia ghalani. Petroli iliyolala miezi huacha utando wa kunata ndani ya kabureta. Daftari la stoo halionyeshi lolote kati ya hayo. Mimi ningeuliza swali moja tu: injini iliwashwa lini mara ya mwisho?

Vuli huanza Oktoba. Wanamaji, kaunti na vijana wa Mishomoroni wanaokijua kila kichochoro wafanye zoezi la pamoja Septemba, siku ya bamvua, hori ikiwa imefura. Nawe msomaji, usivuke maji yanayokimbia hata yakiwa ya magoti: kasi yake ikiongezeka maradufu, nguvu ya kukusukuma huwa mara nne.