Tumbo la Mtoto na Chakula Chake

Huku Kakamega mtoto akiumwa na tumbo hupewa dawa ya minyoo, na mara nyingi hupona. Lakini yuko ambaye majuma hupita angali akiharisha, choo kina damu, naye anakonda wala hakui kama wenzake. Huyo apelekwe Hospitali Kuu ya Kaunti akapimwe, maana amiba na kifua kikuu cha matumbo hufanana na ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari wa New York mwaka 1932.

Ikiwa ni Crohn, chakula chenyewe huweza kuwa dawa. Mtoto hunywa maziwa maalum ya hospitali peke yake kwa majuma 6 hadi 8, bila ugali wala mboga. Uvimbe wa matumbo hupungua, naye huanza kunenepa. Kisha vyakula vya nyumbani hurudishwa kidogo kidogo. Bei yake si ndogo, lakini uji wa wimbi, ingawa twausifu sote, hauwezi kushika mahali pake.

Wazazi, msimnyime mtoto maharagwe na mayai kwa kukisia tu, atazidi kudhoofika. Mwendapo hospitali chukueni kijitabu cha kliniki, daktari aone uzito wake tangu kuzaliwa.