Kabla ya Kunasa Skrini: Mipangilio ya Kuhifadhi Picha za Wagonjwa

Mgonjwa anayeshuka kwenye pantoni Magogoni akitokea Kigamboni ana mwendo mfupi tu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo jengo lake kongwe lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Akielekea upande wa pili wa jiji atafika Kariakoo, ambako zahanati na maabara zimebanana na maduka ya simu na kompyuta. Zamani picha za vipimo zilitoka kituo kimoja hadi kingine ndani ya bahasha kubwa, mkononi mwa mgonjwa mwenyewe. Siku hizi baadhi yake hupita njia fupi zaidi: tabibu huifungua picha kwenye kompyuta, huinasa kama inavyoonekana kwenye skrini, kisha humtumia mwenzake kwa simu akiomba ushauri. Kazi hiyo huchukua nusu dakika. Hata hivyo, maamuzi mengi ndani ya nusu dakika hiyo hayafanywi na tabibu, bali na mipangilio ya programu ya kunasa skrini, ambayo pengine haijawahi kufunguliwa tangu programu hiyo iwekwe kwenye kompyuta.

Mpangilio unaosahauliwa kuliko yote ni ule wa jina la faili. Greenshot, programu ya bure inayotumika katika Windows, huja ikiwa imepangwa kulipa kila faili jina linalounganisha tarehe, saa na kichwa cha dirisha lililokuwa wazi. Kwa mhasibu utaratibu huo ni msaada mkubwa. Kwa tabibu ni mtego, kwa sababu programu ya kutazamia picha za tiba inaweza kuandika jina la mgonjwa juu ya dirisha lake. Daktari huweza kulifunika kwa uangalifu jina lililo ndani ya picha, kisha akatuma faili lililobeba jina lile lile mgongoni. Dawa yake ni kufungua mipangilio, kwenda kwenye sehemu ya uhifadhi, na kuondoa kichwa cha dirisha katika kanuni ya majina, ili ibaki tarehe na saa peke yake. Uhusiano kati ya faili na mgonjwa uandikwe kwenye rejesta ya kituo, mahali panapofungwa kwa ufunguo.

Suala la aina ya faili lina utata zaidi. JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, hupunguza ukubwa wa picha kwa kuigawa katika vipande vya nukta nane kwa nane, kisha kutupa sehemu ya tofauti ndogo ndogo ambazo jicho huzikosa kwa urahisi. Picha ya samaki mnadani Feri haidhuriki kwa hilo. Lakini katika eksirei, ufa mwembamba wa mfupa au kivimbe kidogo pafuni ni tofauti ndogo ya namna hiyo hiyo, na kadiri ubora wa JPEG unavyoshushwa ndivyo inavyoweza kufifia, au kuzungukwa na ukungu usiokuwapo mwilini. PNG, iliyotangazwa mwaka 1996, hubana faili bila kutupa nukta hata moja. Greenshot yenyewe huanza na PNG. Kwa kawaida ni mtumiaji anayehamia JPEG ili kuokoa bando, na hapo hukuta ubora umewekwa asilimia 80. Kwa picha za tiba, uokozi huo haufai.

Ipo pia alama ya kuchagua inayopunguza rangi hadi 256. Picha ya kijivu tupu haitarajiwi kupoteza kitu kikubwa kwa hilo, kwani skrini ya kawaida huonyesha takriban ngazi hizo hizo za kijivu. Inayoumia ni picha ya ultrasaundi yenye rangi za mtiririko wa damu, au ya tishu iliyotiwa rangi chini ya hadubini. Ni salama zaidi kuiacha alama hiyo bila kuiwasha.

Juhudi hiyo yote hupotea faili linapotumwa WhatsApp kama picha, kwa maana huko hubanwa upya. Likitumwa kama dokumenti hufika jinsi lilivyo.

Swali linalofuata ni mahali faili linapobaki. Snipping Tool ya Windows 11 imepangwa kuhifadhi yenyewe kila kilichonaswa, hata pale mtumiaji anapodhani amenakili tu ili abandike kwenye ujumbe. Mafaili hurundikana katika folda ya picha za skrini, na kama folda hiyo imeunganishwa na hifadhi ya mtandaoni, nakala hupanda huko pasipo mtu kubofya chochote. ShareX nayo inaweza kupangwa kupakia kila picha mtandaoni mara inaponaswa. Mipangilio ya namna hii izimwe kwenye kompyuta ya wodini au ya mapokezi, na kompyuta iliyochakaa isipelekwe kuuzwa Kariakoo kabla diski yake haijasafishwa kikamilifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na kusahau kilichomo ndani ya folda si utetezi wa maana.

Hata kukata pembe yenye jina la mgonjwa kuliwahi kuwa hatari. Mwezi Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba kwenye simu za Google Pixel, picha iliyokatwa na kuhifadhiwa juu ya faili lake la awali iliacha data ya zamani mkiani mwa faili jipya, hivyo kwamba sehemu iliyokatwa iliweza kurejeshwa. Muda mfupi baadaye kasoro ya namna hiyo ilionekana katika Snipping Tool ya Windows 11. Kampuni zote mbili zilitoa marekebisho, lakini marekebisho hayayasafishi mafaili yaliyokwisha kutumwa. Tangu hapo ni busara kunasa eneo linalohitajika tu badala ya kunasa skrini nzima na kuikata, na kufunika maandishi kwa kisanduku cheusi kizima badala ya kuyatia ukungu.

Mpangilio mmoja haupo katika programu yoyote ya kunasa skrini. Kipimo cha CT huhifadhiwa kwa DICOM kikiwa na ngazi zipatazo 4,096 za kijivu, na mtazamaji huchagua sehemu ya ngazi hizo ya kuonyesha: mapafu, mfupa, au tishu laini. Skrini ikinaswa wakati mapafu yanaonyeshwa, undani wa mifupa haumo tena kwenye faili, hata liwe PNG. Anayeomba ushauri kwa njia hii hana budi kuandika ni mwonekano upi alionasa na ni kipande cha ngapi, na anayeshauri ana haki ya kukataa kujibu mpaka aletewe faili la DICOM lenyewe, ikibidi kwa diski mkononi mwa mgonjwa.