Sauti Iliyochongwa Ndani ya Santuri

Kampuni ya santuri ya Paramount, iliyokuwa tawi la kiwanda cha viti katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, iliwarekodi waimbaji Weusi mashuhuri wa blues, miongoni mwao Charley Patton, Son House na Skip James, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaacha kurekodi, na nyingi katika kalibu za madini zilizopigia chapa nyimbo zao zikauzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Kwa sababu hiyo nyingi katika nyimbo hizo hazina asili nyingine leo ila zile nakala chache zilizonunuliwa na kuchezwa majumbani mwa watu, na mwenye kuzikusanya hana budi kuwa na maarifa sawa na mapenzi yake.

Santuri hizo hazikuwa za vinili bali za shelaki, yaani utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika, na kila upande ulichukua takriban dakika 3. Sauti ilichongwa katika mfereji mwembamba unaoyumba kushoto na kulia, na sindano inapoupita huyumba vivyo hivyo, ikaurudisha mtikisiko uleule wa koo na gitaa. Ingawa sindano nzito za chuma za zama zile zilizikwangua kuta za mfereji huo, zilizikwangua katika kimo kimoja tu. Kwa hiyo mjuzi huchagua sindano iliyo pana au nyembamba kidogo kuliko kipimo cha kawaida cha mikromita 75, ikakaa juu au chini ya jeraha, na santuri iliyodhaniwa imekufa ikanena kwa ufasaha. Sindano ya vinili, yenye mikromita 25 hivi, huzama hadi sakafuni penye vumbi, isilete ila mikwaruzo.

Vinili ya LP, yaani santuri ya muda mrefu, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, ndiyo iliyozifikisha nyimbo hizo kwa umma mpya. LP ya Patton iliyotolewa na kampuni ya Origin Jazz Library mwaka 1960 ilinakiliwa kutoka santuri kuukuu za wakusanyaji, na mwaka uliofuata Columbia ikatoa mkusanyo wa Robert Johnson, mwimbaji mwingine wa blues aliyefariki mwaka 1938. Vinili haivunjiki kwa wepesi, lakini joto huipinda, hivyo husimamishwa wima mbali na jua; shelaki, kinyume chake, huvunjika ikianguka, na spiriti huiyeyusha, basi haifai kamwe kusafishwa kwayo.

Mwenye nakala adimu, kwa hiyo, ameshika amana wala si mali tu, na haki ya amana hiyo ni kuinakili kwa sindano iliyo sawa na kuwapa wengine waisikie, kwani wimbo uliofungiwa kabatini hauna tofauti na uliopotea.