Mazoea Yaingiapo Mikononi

Mwulize karani aliyepiga taipu kwa miaka kumi: herufi R iko upande gani wa herufi T? Yamkini atanyamaza, kisha atavichezesha vidole vyake hewani, ndipo apate jibu. Kichwa chake hakijui. Vidole ndivyo vinavyojua. Wataalamu fulani wa Marekani walilipima jambo hili, na habari zake zikachapishwa mwaka 2013. Walichukua wapigaji hodari wapatao mia moja, ambao kwa wastani walipiga maneno 72 kwa dakika, wakawapa picha ya vibonye vitupu wajaze herufi mahali pake. Kwa wastani mtu aliweza kuweka sawasawa herufi 15 tu katika zile 26.

Mkulima naye anayo elimu ya namna hiyo. Mchuma chai wa Kericho huchuma majani mawili na chipukizi lake huku akizungumza na mwenziwe habari za arusi ya jirani. Ukimtazama utadhani alizaliwa nayo, lakini sivyo. Kunyonya ni maumbile, kwa maana mtoto mchanga hakufundishwa na mtu. Bali kuchuma chai kulifundishwa, na siku za kwanza kapu lilichelewa sana kujaa. William James, mwanachuoni wa Marekani, aliandika mwaka 1890 kwamba mazoea huipunguzia akili kazi ya kuangalia kila tendo. Pasipo msaada huo, mtu angemaliza asubuhi nzima akifunga vifungo vya shati.

Hata hivyo wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hiyo huonekana zaidi barabarani.

Watu wa Uswidi walikuwa wakiendesha magari upande wa kushoto, kama tufanyavyo sisi. Mwaka 1955 walipoulizwa kwa kura kama wangependa kuhamia kulia, zaidi ya watu 80 katika kila mia walikataa. Lakini nchi jirani zilitumia kulia, na baadaye ikaamriwa kwamba wahame. Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, magari machache yaliyoruhusiwa kuwa barabarani yalisimamishwa, yakavuka polepole hata upande wa pili, yakangoja. Ilipotimu saa kumi na moja yakaruhusiwa kwenda. Wengi walitazamia maafa makubwa, lakini ajali zilipungua! Sababu yake si ngumu kuifahamu: kila dereva alikuwa amenyang'anywa mazoea yake, ikambidi aangalie kwa macho na kufikiri. Miaka michache baadaye mikono ilipokwisha kuzoea, ajali nazo zikarudi kama zamani.

Jambo hili latuhusu sana. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Ethiopia ilihamia kulia mwaka 1964, basi avukaye Moyale hubadili upande, na vivyo hivyo avukaye daraja la Rusumo kutoka Tanzania kwenda Rwanda.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa haiko mpakani penyewe. Pale dereva yu macho, anaona vibao na askari, tena yuko nyuma ya lori jingine la kumwonyesha njia. Hatari iko kesho yake alfajiri, atokapo kituo cha mafuta akiwa na usingizi machoni, na barabara ni tupu. Hapo mkono hurudi kwao. Dereva mwenye busara humwagiza taniboi wake aseme kwa sauti "kulia" kila watokapo mahali waliposimama, wala haoni haya kuambiwa.

Aendaye kwa miguu yafaa ajihadhari zaidi. Sisi tulifundishwa tangu utoto kutazama kuliani kwanza kabla ya kuvuka. Mchuuzi wa kwetu akishuka basi mjini Kigali, shingo yake itageuka kulia hata kabla hajafikiri, na gari lililo karibu naye latoka kushoto. Huko London, ambako magari hupita kushoto na wageni wengi hutoka nchi za kulia, maneno ya kuwaambia watazame upande gani yameandikwa chini, juu ya lami, pale pale mtu anapoanza kuvuka.